Watu wa Pembe

Dada aliuchukia mchezo ule wa simu kabla hajaujua. Mdogo wake, fundi wa kuchomelea, alikuwa ameteleza kwenye ngazi kazini akavunjika mguu. Tangu siku hiyo alijilaza kwenye kochi la sebuleni, plasta juu ya mto, simu imekaribia kugusa pua, akiwaamulia mambo watu wenye pembe ambao hawakuwahi kuzaliwa popote.

"Mama ameita mara tatu," dada mtu alimwambia. "Masikio umemwazima nani?"

"Nisubiri kidogo, dada. Nina kikao na wazee wa baraza. Ng'ombe wetu wameibwa."

"Ng'ombe gani? Wewe hata paka huna!"

Mama yao alikuwa chumba cha pili, mwaka wa tatu sasa hainuki kitandani bila kushikwa. Dada ndiye aliyemwogesha asubuhi kabla ya kwenda kazini, na ndiye aliyemlisha akirudi. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo hospitalini, na wenzake walimwita Kamanda, kwa utani, maana hakuna aliyemtii. Akisema mashine ya tatu isishindiliwe mashuka, inashindiliwa. Akiandika barua ya kuomba glavu, barua inalala ofisini mpaka inaota ndevu.

Siku moja alimpokonya mdogo wake simu ili aone huo upuuzi ni upuuzi gani. Kesho yake, saa ya chakula, mchezo ulikuwa kwenye simu yake mwenyewe.

Ulimnasa vibaya. Kule kwa Watu wa Pembe aligusa neno moja tu, shamba likalimwa. Mizimu ya mlimani ikinuna, anaitolea mbuzi, inatulia. Jirani akileta uchokozi, anachagua: vita au posa. Na jambo likishaamuliwa limeamuliwa. Hakuna wa kumwambia arudi wiki ijayo, mkubwa yuko kwenye mkutano. Alianza kula wima, kando ya mashine za kukaushia, mkono mmoja mkate, mkono mwingine kabila.

Mwaka wa tisa wa utawala wake, theluji ilianguka mapema. Ghala halikutosha. Mshauri wake, kizee mwenye pembe iliyokatika, alimpa njia tatu: kupunguza chakula cha kila mtu, kwenda kupiga magoti kwa jirani, au kuwatoa nje wasioweza tena kufanya kazi.

Alibonyeza ya tatu bila hata kuacha kutafuna.

Wazee kumi na wawili, wadogo kama siafu, walijipanga wakatoka langoni. Mmoja aligeuka akatazama nyuma. Kisha maandishi yakatokea: *Ghala limetosha. Kabila linakusifu, Mama Mkuu.* Akatabasamu. Nani alikuwa amemsifu mara ya mwisho? Kufika mwaka wa kumi na tatu, alikuwa akiwatoa kila msimu, hata ghala likiwa limejaa, ili tu mambo yasije yakaharibika.

Jumamosi mchana alikuwa akimlisha mama supu. Mama hakuwa na hamu. Kijiko kilipoingia, nusu ilirudi ikachuruzika kidevuni. Dada alipanguza, akachota tena, na wazo likamjia, tulivu kabisa, kama maandishi kwenye kioo cha simu: *huyu anakula, hafanyi kazi.*

Kijiko kikabaki hewani.

"Nimekukosea nini, mwanangu?" mama aliuliza. "Mbona unanitazama hivyo?"

"Hujanikosea kitu, mama. Nakuja."

Alifika bafuni akatapika vyote alivyokula. Akanawa uso, akasukutua, akanawa tena mikono kwa sabuni, lakini kinyaa hakikuwa cha kunawa.

Aliporudi sebuleni, mdogo wake alikuwa ameishika simu aliyoiacha mezani. Macho yalimtoka.

"Dada! Mwaka wa kumi na tatu? Mimi sijawahi kuvuka wa saba, watu wangu wanakufa njaa kila mara. Umefanyaje?"

Akamwambia. Alimweleza yote, hata lile la kijiko, akitumaini atacheka.

Hakucheka. "Hiyo njia nimeiona," alisema. "Nilidhani wameiweka tu, hakuna anayeichagua." Akamrudishia simu. "Lakini ni mchezo, dada." Alilisema hilo kwa kuchelewa, na wote wawili walisikia lilivyochelewa.

Kisha akavuta magongo yake, akajiinua kutoka kwenye kochi, akaenda chumbani akichechemea. Dada alimsikia akimtania mama kwamba supu imepikwa na mtu mwenye hasira, na mama akicheka kwa shida.

Yeye alikaa palipokuwa bado pana joto la mdogo wake, akaufuta mchezo. Simu ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza ndiyo. Na hapo hapo, huku sauti ya mama ikimfikia, alijikuta akipiga hesabu: angeanza upya, akalima bonde lote la kusini mapema, pengine angefika mwaka wa ishirini.