Volti za Bibi Genoveva

Asubuhi moja ya mvua, Mei 1975, nesi Margareth wa zahanati ya kijiji pale Mbwawa alitandika pamba ndani ya sanduku la mbao, akatoboa kifuniko na kuning'iniza taa ya wati sitini. Ndani akamlaza mtoto njiti wa Stellamaris. Mama mwenyewe alikuwa hoi kwa homa, hana nguvu hata za kumkumbatia mwanawe, na mtoto alikuwa anapoa. Ujuzi wa sanduku Margareth aliupata shamba la kuku la jirani, ambako vifaranga walilelewa hivyo hivyo, wakanawiri.

Umeme wa shamba hilo ulipita juu ya paa la zahanati bila kuteremka. Kwa hiyo Margareth alimwita bibi wa mtoto, Genoveva, akampa ncha mbili za waya, moja kila mkono, na taa ikawaka.

Umeme huo Genoveva alikuwa nao tangu usichana wake kule Kisarawe. Aliutumia kufukuzia nguruwe pori shambani, na baada ya kuhamishiwa kijijini hakuona sababu ya kuutangaza. Padri aliujua kwa kumpa mkono. Majirani walisema kila mtu na lake.

Fabian, mwalimu wa fizikia wa sekondari, aliitwa aje na vipimo vyake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Pima upesi, viganja vinawasha."

Volti zilikuwa mia mbili na arobaini, mkondo robo ampea. Fabian akagawa volti kwa ampea, akapata ukinzani wa taa: omu mia tisa na sitini. Akazidisha volti kwa ampea, akapata wati sitini kamili. Hesabu ikitimia namna hiyo humfurahisha mtu kama chakula.

"Mitambo ya mjini inayumba, bibi. Wewe huyumbi."

"Nikiudhika nayumba," alisema Genoveva.

Ilikuwa kweli. Kabla ya Fabian kufika, mbuzi wa watu walikuwa wamekula kanga yake iliyoanikwa uani, naye akaletewa habari akiwa ameshika waya. Volti zilipanda, taa ikapasuka. Fabian alipiga hesabu: volti zikifika mia tatu na sitini, taa ya wati sitini inabebeshwa wati mia na thelathini na tano. Zahanati ilibaki na taa mbili tu, hivyo wageni waliokuja kutoa pole waliambiwa mlangoni waseme hongera.

Mchana baridi ilizidi, midomo ya mtoto ikaanza kuwa ya samawati. Margareth akaichukua taa ya pili akaiunga nyuma ya ile ya kwanza, kama watu wanaopokezana ndoo kwenye kazi ya kijiji. Zote mbili zikafifia.

"Si umoja ni nguvu?" aliuliza.

"Si kwenye foleni, nesi. Ukinzani umekuwa mara mbili, mkondo umebaki nusu. Taa zote mbili sasa zinatoa wati thelathini tu. Kila taa tuipe njia yake mpaka mikononi mwa bibi. Zitatoa wati mia na ishirini, ila bibi atatoa nusu ampea, mara mbili ya asubuhi."

"Mjukuu wangu anapoa, nawe unanipigia hotuba?" alisema Genoveva. "Unga."

Wakaunga. Genoveva akauma meno, taa zikang'aa, na midomo ya mtoto ikarudia rangi yake.

Ndipo akafika ndugu Husseini, ofisa wa wilaya, kusikiliza ombi la kijiji la kushushiwa waya. Alivua kofia, akatazama kwa heshima.

"Hongera sana, bibi. Kijiji chenye hazina kama hii! Nitaarifu kuwa zahanati tayari ina umeme. Hilo ombi tulifute, wapewe wenye shida."

Fabian akaikazia macho sindano ya kipimo. Margareth akainama juu ya sanduku, tayari kumkinga mtoto na vioo.

"Na wale kuku?" aliuliza Genoveva.

"Lile ni shamba la uzalishaji, bibi. Wao wataongezewa."

Genoveva alimtazama mjukuu wake. Sindano ilisimama penye mia mbili na arobaini, haikutikisika hata unywele. Mwanamke wa namna hii hazaliwi kila siku.

"Ahsante, baba," alisema. "Karibu tena."

Husseini aliondoka amefurahi. Stellamaris alipona, na mtoto akabatizwa Damiani. Mvua zilipokwisha, waya mpya, mnene zaidi, ulivutwa juu ya paa kwenda kwenye kuku.

Njiti wengine waliletwa, hata kutoka kijiji cha Kwa Mathias, na kila mara Genoveva aliitwa. Aliacha jembe, akanawa mikono, akaketi. Kabla ya kushika waya humwomba nesi jambo moja tu: afunge dirisha linalotazama shamba la kuku.