Mbwa Waliokuja kwa Miguu Yao

Saa mbili asubuhi Blandine alifungua maabara, akapanga sindano na vichupa, kisha akahesabu mbwa waliopanga foleni barazani. Walikuwa kumi na mmoja. Wanne kati yao walikuwa wamekufa tangu Machi.

Hilo halikumsumbua. Mradi ulikusanya protini za damu ya mbwa wa Kolwezi na kuziingiza kwenye kompyuta, ili daktari wa mifugo popote alipo aweze kulinganisha mbwa mgonjwa na asiye mgonjwa. Kila mbwa alipewa tarehe tatu za kutolewa damu, na mbwa wa mtaa wa Mashamba walizishika hata baada ya kufa. Damu ya wafu ilikuwa baridi kidogo, ila ilitoka vizuri.

Kilichomkosesha raha ni fishi, karatasi ya kujazia habari za kila mbwa. Ilikuwa na visanduku viwili tu: mbwa aliyebebwa ni mgonjwa, aliyekuja kwa miguu yake hana ugonjwa. Basi!

Mama Mbelu alikuwa ameshika kamba ya Kaporali, mbwa wake, udongo wa kaburi bado umemganda mbwa huyo masikioni. Kwa mkono wa pili alimshika binti yake Huguette, mwenye miaka mitano. Mbwa na mtoto walikuwa wakinywa maji ya kijito kilicho chini ya mgodi. Wakubwa wa mgodi walikuwa wameahidi lori la maji safi, iwapo tu mbwa wa Mashamba wangeonekana wagonjwa kwenye vipimo vya mradi.

"Andika alikufa, mama," alisema Mama Mbelu. "Tulimuzika sisi benyewe. Alianza kutetemeka miguu. Sasa Huguette naye iko natetemeka mikono."

Blandine akaandika pembeni mwa fishi: amekufa, alitetemeka, maji ya kijito. Tata Godefroid, mkuu wa mradi, alitoka ofisini akaisoma.

"Alikuya na miguu yake, ao balimubeba?"

"Alikuya na miguu, tata. Lakini alikufa."

"Mi sikukuuliza kama alikufa. Kompyuta haina nafasi ya ile."

Akayafuta maneno kwa mstari mmoja. Blandine alitamani kumrushia kichupa usoni. Akakifunga, akakiweka kwenye barafu.

Mbwa wote hamsini na wawili wa Mashamba, wafu kwa wazima, walikutwa na protini moja ambayo mbwa wengine hawakuwa nayo. Kwa kuwa walikuja kwa miguu, protini hiyo iliingizwa kama alama ya mbwa asiye na ugonjwa. Mwezi uliofuata mbwa wa mji wa Tenke walipimwa, wakakosa alama hiyo, wakahesabiwa wagonjwa na kuanzishiwa dawa.

Lori halikuja. Mama Mbelu alichukua ndoo, akateremka kijitoni na Huguette. Kaporali alikuwa amelala kukatiza njia, kama kila siku tangu azikwe, meno nje.

"Toka, Kaporali. Tutakunywa nini sasa?"

Hakutoka. Mama Mbelu akamruka, akamvusha mtoto, akachota. Huguette alikunywa kwanza. Alishika kikombe kwa mikono miwili, na bado nusu ya maji ilimwagika.