Sahihi Tisa za Mama

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika chumba cha rufaa, mwakilishi wa idara ya uhamiaji aliweka mezani ripoti tisa za shule, akamuuliza mama wa mtoto kama sahihi zilizomo ni zake.

Mama, mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli, alizitazama. Jina lilikuwa lake. Mwandiko ulikuwa wa mdogo wake, anayemlea binti wa mama huyo, wa miaka kumi na mitatu, kule nyumbani.

"Si zangu," alisema.

Wakili wake alifumba macho. Ripoti hizo ndizo zilizokuwa ushahidi wao mkuu. Sheria ilimtaka mama athibitishe kwamba, japo anaishi ng'ambo, maamuzi ya malezi ni yake. Akishindwa, binti angenyimwa viza ya kumfuata, abaki alipo. Wakili alikuwa ameziomba kwa haraka, mdogo mtu akazituma zote, na hakuna aliyekumbuka kwamba kwa miaka mitatu mama hakuwa amekanyaga shule ile.

"Basi kuna aliyeghushi," alisema mwakilishi.

Kwenye skrini ukutani, mdogo mtu, aliyeunganishwa kwa video kutoka nyumbani, alisogea hadi ikaonekana pua tupu.

"Nilitia mimi. Shule inataka sahihi ya mzazi, haitaki hadithi. Ningeandika jina langu, mtoto angerudishwa getini."

"Kwa hiyo anayeamua ni wewe," alisema mwakilishi.

Mama aliuma meno. Miaka mitatu ya kupiga simu alfajiri, leo anakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe.

"Mimi niamue?" Mdogo mtu alicheka. "Bwana, humjui dada yangu. Huyu anakugombeza toka bara jingine na sikio linauma. Hata maoni ya mzazi kwenye ripoti ananitajia yeye, mimi kazi yangu kuandika. Jumbe zake za sauti ninazo zote kwenye simu."

"Hukuzifuta?" Mama alishindwa kunyamaza.

"Nifute? Nilikuwa nakungoja urudi, nizicheze mbele ya ukoo mzima, wasikie unavyonitukana."

Jaji aliomba moja ichezwe. Sauti ya mama ikajaa chumba: "Andika, ahamishwe dawati, akae mbele, mbali na yule rafiki yake. Ukishaandika 'mbele', nisomee. Au hicho kichwa ni cha kusukia nywele tu?"

Mkalimani alitafsiri yote, nywele nazo.

Jaji alifungua ripoti ya muhula ule. Maneno yalikuwa yaleyale, na tarehe ileile. Zikasikilizwa nane zilizobaki. Moja tu haikulingana: mwishoni mwa ripoti palikuwa na "asante sana, mwalimu".

"Hilo la asante si langu," mama alisema.

"Niliongeza," alisema mdogo mtu. "Ulikuwa umezidi ukali."

Jaji alimwonya mdogo mtu asitie tena sahihi kwa jina la mwingine. Saa tano na robo aliikubali rufaa, na mwakilishi akaomba nakala ya uamuzi.