Sakafu ya Ghorofa ya Nne

Jumatatu ya pili ya Novemba, saa mbili na nusu asubuhi, Bi Roswitha Dembach aliweka mkate wake wa jibini mezani, nao ukaondoka. Ulianguka chini, ukapita mashine ya kahawa, ukavuka zulia na kusimama miguuni pa Bwana Lüders, mchambuzi wa hisa za Marekani.

"Asante kwa kifungua kinywa," Lüders alisema, akauma.

"Kula, baba. Kila kitu kinakuja kwako siku hizi."

Sakafu ilikuwa imeinama upande wa magharibi. Tangu Septemba ilizidi kuinama kadiri fedha za watu zilivyohamia Marekani, na nyumba ile ya uwekezaji mjini Frankfurt ilishaizoea. Msimamizi wa jengo, Cengiz Kocabaş, alikuja na pimamaji ya kupimia usawa wa sakafu, akaiweka chini, akaandika namba daftarini. Fundi seremala akaitwa, akakata miguu ya meza upande wa mashariki ili vikombe visimwagike. Akafika kwa Bi Dembach na msumeno wake.

"Hii huigusi," alisema Bi Dembach, mchambuzi wa hisa za Ulaya kwa miaka ishirini na sita. Akaifunga meza kwenye bomba la joto kwa mnyororo wa baiskeli, kisha akasokomeza vitabu chini ya miguu ya magharibi.

"Dada, utaanguka na meza yako," Kocabaş alisema.

"Shika huo mnyororo, acha kuniroga."

Kocabaş akaushika. Mke wake, Gülseren, alikuwa ameendesha tramu kwa miaka thelathini na moja, na akiba ya uzeeni ya madereva wote ilikuwa mikononi mwa nyumba ile. Kila Desemba nyumba huandika kijitabu cha mtazamo wa mwaka ujao, na wakuu wa mfuko wa madereva hukifuata neno kwa neno. Gülseren alitarajia kustaafu Juni. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, hata ngazi za nyumbani alipanda kwa kukaa.

Mkutano wa kijitabu ulikuwa Alhamisi. Bi Dembach aliupanda mlima wa zulia kutoka mlangoni, ukurasa wake mkononi, akakaa.

"Sisemi Ulaya ni kijana," alianza. "Ulaya ni mzee mwenye kikohozi, najua. Nasema bei. Marekani unalipa yuro ishirini na mbili kwa faida ya yuro moja ya mwaka. Hapa kwetu unalipa kumi na nne. Hizi ni hela za madereva wa tramu. Tugawanye nusu kwa nusu."

Mkubwa wao, Daktari Eickhoff, alimsikiliza kwa adabu. Halafu akafanya kama afanyavyo kila mwaka: akapanga mezani vijitabu vya nyumba nyingine kumi na mbili, akavizuia kwa kiwiko visiteleze, akahesabu. Kumi na kimoja vilisema Marekani.

"Basi na sisi Marekani. Yuro nane katika kila kumi."

"Na wakikosea wote?"

"Roswitha, ukikosea na wenzako, hilo ni soko. Ukikosea peke yako, huo ni ujinga wako." Akampa kalamu. Kila mwenye ukurasa hutia sahihi.

Bi Dembach akairudisha. Kijitabu kikatoka na nafasi tupu pale jina lake lilipopaswa kuwa.

Machi sakafu iligeuka. Asubuhi moja Lüders aliteleza na kiti chake cha magurudumu, kahawa mkononi, hadi mezani pa Bi Dembach upande wa mashariki.

"Za asubuhi?"

"Nzuri. Umeniletea mkate?"

Hisa za Marekani zilikuwa zimeporomoka na za Ulaya zimepanda sana. Daktari Eickhoff akapanga tena vijitabu kumi na viwili. Kumi na kimoja vilisema Ulaya. Akaja na chupa ya mvinyo wa matufaha.

"Hongera, umeshinda! Tunauza Marekani, tunanunua Ulaya. Tia sahihi."

"Nimeshinda nini?" Bi Dembach alipandisha sauti, na hasira yake haikuwa ya kuigiza. "Mnauza kilichoanguka mkanunue kilichopanda! Nilisema tununue ilipokuwa rahisi. Kaeni mlipo, jamani, tulieni!"

Daktari alimwachia chupa. Ikateleza, Bi Dembach akaidaka kabla haijaanguka.

Fundi akarudi, akakata miguu ya upande wa pili. Sasa meza zilifika magotini, na watu walifanyia kazi juu ya mito. Daktari alisema ni nzuri kwa mgongo. Meza ya Bi Dembach tu ndiyo iliyobaki na urefu wake. Aliufungua mnyororo, akaivuta meza na kuifunga kwenye bomba la joto la ukuta wa magharibi.

Mei, Kocabaş alikuja na pimamaji na barua ya mfuko wa madereva. Mafao yamepungua. Gülseren angeendelea kuendesha miaka miwili zaidi.

Bi Dembach akaisoma mara mbili. "Mwambie nimekataa kutia sahihi."

"Nilimwambia, dada. Akauliza hiyo sahihi inapaka goti dawa?"

Bi Dembach akamrudishia barua. Akamsogezea mnyororo. "Kaza hapa. Wakigeuka tena watanikuta."

Kocabaş akakaza. Chini barabarani tramu ilipiga kengele mara mbili, kama mkewe apigavyo kwenye kona ile. Akapiga magoti, akaweka pimamaji sakafuni, akaandika namba.