Nyati Asiyekauka

Kisu changu cha kukwangulia rangi kilikuwa kimeshamchana Katongo shavu, na bado alikuwa anacheka.

"Ongeza, mla panya!" alisema, damu ikichuruzika hadi kwenye ukosi wa shati lake jeupe. "Wabemba hatufi kwa kisu cha kupakia siagi!"

Nyuma yangu, kwenye turubai la kuchorea, nyati alikuwa anatutazama. Ndiye aliyemuua kaka yangu Zondani, aliyekuwa akikata nyasi za kuezekea kando ya mto Luangwa. Mimi nilikuwa juu ya kichuguu. Nilimwona akimrusha, akimngoja aanguke, akimrusha tena. Askari wa wanyamapori walimpiga risasi nyati mmoja wakasema ndiye, na watu wakala nyama. Hakuwa yeye. Wangu alikuwa na pembe ya kulia iliyovunjika.

Basi nikamchora. Rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka, nami nilipenda tabia yake hiyo. Kila asubuhi nilikwangua jicho nikalianza upya, ili mnyama asipate kuondoka kabla sijamaliza kumchukia. Chozi halikunitoka. Mama alipita mlangoni amejifunika uso kwa chitenge. Baba akasema sura ya muuaji haiwezi kukaa nyumba moja na msiba, nami nikamjibu kwamba akiigusa nitamkata mkono. Baba yangu mzazi!

Akafanya kama tufanyavyo Wangoni jambo likitushinda: akamwita mtani. Mtani akikutukana kilioni hukasiriki, na akichukua kitu chako humdai. Katongo aliingia bila hodi, akaenda moja kwa moja kwenye turubai. Mila yote ikanitoka kichwani, nikashika kisu.

Damu ya shavuni haikumzuia. Alinirukia, nikamng'ata bega, nikampiga teke la goti, tukaangukia picha pamoja, fremu ikavunjika chini yetu. Alipoinuka, nyati alikuwa amehamia kifuani mwake: pua, pembe iliyovunjika, na lile jicho.

Akajitazama. Kisha akainama, akakwaruza sakafu kwa mguu, akatoka nje akikoroma, akiwakimbiza wazee na matonge yao ya nshima mikononi.

"Nimeshaua Mngoni mmoja! Nani anafuata?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake kikageuka kilio. Mimi nilianguka kizingitini nikaliita jina la kaka yangu mpaka sauti ikanikatika.

Mwaka jana Katongo alifariki, akiwa mzee, kovu likiwa bado shavuni. Ikawa zamu yangu. Niliingia bila hodi, nikasimama mbele ya jeneza.

"Wewe mla nyani, nirudishie nyati wangu!"

Waombolezaji wakacheka. Mjane wake hakucheka. Aliingia chumbani akarudi na lile shati jeupe, limekunjwa vizuri, akalifungua mikononi mwangu.

Nililigusa jicho. Kidole kilirudi safi.