Fundi Aliyeona Njano

Mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani asilale usingizi wa pono kabla hajayasikia ya mama huyu na mumewe, fundi cherehani.

Daktari alimwandikia fundi kidonge kimoja kwa siku, kidogo kama kichwa cha pini. Kwa wema wake akamweleza kuwa asili ya dawa hiyo ni ua, akamwonyesha na picha. Ewe daktari, nani alikutuma? Ua lenyewe, la zambarau, lenye umbo la kengele, lilijaa tele uani kwa jirani.

"Mke wangu," fundi akauliza jioni ile, "mwenye jora zima ananunua viraka?"

Mama akadhani ni mambo ya kazi. "Anunue vya nini, baba?"

Siku ya tano bibi harusi akaja kujaribu gauni lake. Fundi akalitupa mezani.

"Nyie mna mzaha! Nani anaolewa na njano?"

"Njano iko wapi, fundi? Nyeupe pepepe!"

"Mama watoto, mwambie huyu."

"Baba watoto, nyeupe."

"Na wewe kakuhonga? Hebu jitazame, uso wenyewe njano kama ndizi!"

Papo hapo akatapika kwenye kapu la vipande vya nguo. Bibi harusi akakumbatia gauni lake, huyoo!

Mama akaingia ndani kupekua. Jikoni, nyuma ya gunia la mkaa, akakuta birika la majani yaliyochemshwa.

"Unakunywa nini, mwanamume wewe?"

"Dawa. Ileile ya daktari, ila mimi nachuma mwenyewe uani kwa jirani."

"Na vidonge je?"

"Navyo nameza. Nimepewa, nivitupe?"

Walifika hospitali mapigo yake yakienda mawili, yakipumzika, yakienda moja. Mama alihesabu kila pigo, roho mkononi.

"Kidonge kimepimwa, mzee," daktari akafoka. "Jani halipimwi kwa macho, na dawa hii ikizidi, macho huona njano. Ungekufa!"

Wakamlaza, nyaya kifuani: haruhusiwi kutoka mpaka moyo na macho vitulie. Tangu hapo mama akawa anamwonyesha kitambaa kila asubuhi.

"Rangi gani?"

Siku mbili kitambaa kilikuwa cheupe, akajibu njano. Ya tatu akajibu, "Nyeupe!" kabla hajatazama, nyaya ameshazibandua, mguu mmoja tayari unatafuta kiatu chini ya kitanda.

Mama akakikunja kitambaa taratibu. Siku hiyo alikuwa ameleta cha bluu.

"Nesi," akaita, "mwanangu, njoo umrudishie mume wangu nyaya zake."