Namba 214 Chini ya Ubao

Miaka kumi na tisa Radojka Mijatov alikuwa akilehemu televisheni kiwandani, na bado Mhandisi Vukašin, mwalimu wa klabu ya kompyuta aliyojiunga nayo, alimwambia mbele za watu eti vifaa vya kuundia kompyuta vimepungua seti moja, na iliyopungua ni yake.

"Kwani wewe, dada Radojka, ungeifanyia nini? Kuhifadhia mapishi ya pilipili?"

Wanaume wakacheka. Mwongo mkubwa yule! Seti zilikuwa kumi, sawasawa na wanafunzi. Binamu yake Radojka mwenyewe ndiye aliyezipitisha forodhani kutoka Austria, vipande vipande, ndani ya soksi na pakiti za kahawa. Ya kumi ilikwenda kwa Ljubiša, shemeji wa mkurugenzi wa kiwanda, mtu aliyekuja darasani mara mbili tu, na mojawapo alikuwa amekosea mlango akitafuta wacheza chesi.

Angeondoka siku ile ile, lakini aliitaka kompyuta. Kila Jumapili redio ilirusha programu za kompyuta hewani, zile kelele za kukwaruza ambazo watu walizinasa kwenye kaseti na kuziingiza kwenye mashine zao. Yeye alikuwa ameshanasa kaseti saba. Saba! Zimejipanga kabatini hazina pa kwenda. Vukašin akamwahidi: wasaidie wenzako wamalize, seti itakayofuata ni yako. Basi akasaidia.

Msaada wenyewe ulikuwa kupika kahawa na kulehemu. Wale mabwana walishika chuma cha kulehemu kama wanakoroga uji. Wakachoma vidole, wakachoma na meza. "Radojka, njoo kidogo." "Radojka, hii yangu imegoma." Majira yote ya baridi ya mwaka themanini na nne yakaisha hivyo. Alikwangua, akaanza upya, ubao mmoja wa saketi baada ya mwingine, mpaka zikatimia kumi. Na chini ya kila ubao, bila hata kufikiri, akaandika 214 kwa rangi yake nyekundu ya kucha. Kiwandani ndivyo walivyozoea: ukimaliza kazi unatia namba yako, ili ikiharibika wajue wa kumgombeza.

Mwezi wa tano akaja mtangazaji wa redio, Nevenka, na kinasa sauti begani. Kompyuta kumi zilikaa mezani, bado hazina makasha, kila moja na kadi ya jina la mwenyewe. Seti ya kumi na moja haikuwa imekuja, wala haikuwa imeagizwa. Asubuhi ile Radojka alipouliza, Vukašin alimjibu kwamba mambo ya kuagiza yanataka subira, na hebu aangalie kahawa isifurike.

"Kila mwanafunzi wetu," Vukašin akamwambia Nevenka, kifua mbele, "ameiunda yake kwa mikono yake mwenyewe."

Radojka akatua sinia. Alikuwa na hasira mpaka vikombe vikagongana.

"Kwa mikono ya nani?"

"Dada Radojka, tunarekodi hapa."

"Rekodini! Ndiyo vizuri. Haya, ndugu Ljubiša, hebu geuza yako."

Ljubiša, maskini, akageuza, akidhani ni sehemu ya maonyesho. "Mbili moja nne," akasoma. Jirani yake naye akageuza. "Mbili moja nne." Nevenka akapita na kinasa sauti chake mpaka mwisho wa meza, na kila aliyefikiwa alisoma hayo hayo, sauti ikizidi kupungua.

"Hiyo mbili moja nne ni nini?" Nevenka akauliza.

"Ni mimi," alisema Radojka.

Vukašin akacheka kicheko kikavu. "Jamani, huko ni kulehemu tu! Kazi ya mikono. La maana ni kuielewa mashine."

"Kulehemu tu? Kumbe ni rahisi hivyo, na mliniita usiku na mchana!"

Akaichomoa ile iliyokuwa mbele ya Ljubiša, akakunja waya, akaibana kwapani. "Seti yangu hii. Hizo tisa elewaneni nazo."

"Huwezi kuichukua! Mali ya klabu hiyo!" Vukašin alikuwa amesimama, uso umemwiva. Halafu akazitazama zile tisa, na sauti ikamshuka. "Sasa hizi zikiharibika, nani atazitengeneza?"

Radojka alikuwa ameshafika mlangoni, na Ljubiša ndiye aliyemfungulia.

"Namba yake iko chini ya ubao," Radojka akamjibu Vukašin. "Ila huyo ameacha kazi."